Nchi Iliyotafuta Cheti cha Kuzaliwa

Palikuwa na nchi, na ipo mpaka leo, ambayo rais wake alirudi kutoka mkutano wa marais akiwa na hasira kwa sababu ya salamu.

Ilikuwa hivi. Kwenye ngazi za ukumbi wa mkutano alikutana na rais wa nchi jirani. Kiumri walikuwa sawa, na inasemekana hata daktari wao wa meno alikuwa mmoja. Mtukufu Rais alinyoosha mkono, akasema, "Habari za safari." Mwenzake, mbele ya wapiga picha wa mataifa yote, akaitikia, "Marahaba," kisha akaingia ndani. Hakuna aliyekuwa amempa shikamoo. Baadaye msemaji wake alifafanua kwamba nchi yao ni ya kale zaidi, na kwamba mdogo akisahau kutoa shikamoo, mkubwa mwenye hekima huitikia tu ili mambo yaendelee.

Mtukufu Rais hakula chochote kwenye ndege. Kesho yake aliunda Wizara ya Umri wa Taifa, akamkabidhi Mheshimiwa Dakta Mabumba, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mvua mpaka ukame ulipomwondoa.

Dakta Mabumba alikuwa mchapakazi. Wiki ya kwanza alitangaza redioni kwamba wataalamu wamechunguza mawe na kuthibitisha kuwa nchi ina miaka elfu nne. Jioni hiyohiyo nchi jirani ikatangaza kuwa ina miaka elfu nne na mia moja. Dakta Mabumba akawarudisha wataalamu kwenye mawe. Wakaja na elfu sita. Jirani akaja na elfu sita na nusu. Mwisho wa mwezi nchi ilikuwa imefikisha miaka elfu tisa na mia tano, na watoto wa shule walipewa vitabu vipya vya historia ambavyo tarehe zake zimeachwa wazi ili zijazwe kwa penseli.

Sikukuu ya Uhuru ikafutwa. Maana nchi ya miaka elfu tisa na mia tano itasherehekeaje miaka hamsini na tisa? Ikatungwa Sheria ya Kulinda Umri wa Taifa, na ndani yake kosa jipya, kosa la kuipunguzia nchi umri, ambalo adhabu yake ni miaka ishirini jela. Seremala mmoja alikamatwa sokoni kwa kusema kwamba mbao hazijawahi kupanda bei namna hii tangu nchi ianze. Aliulizwa, ianze lini? Hakurudi nyumbani. Baada ya hapo watu walijifunza kusema "tangu daima", hata walipokuwa wanazungumzia ugonjwa wa kuku.

Sasa kuna shirika moja lenye makao yake mbali, huko kwenye baridi, liitwalo Shirika la Nasaba za Mataifa. Shirika hilo likachoka na makelele. Nchi thelathini na nane zilikuwa zimeliandikia, kila moja ikidai kuwa ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Shirika likajibu kwa barua fupi: halitaki mawe tena. Kila nchi ilete cheti chake cha kuzaliwa, kilichotolewa na msajili wake yenyewe, kwa sheria zake yenyewe kama zilivyo leo, pamoja na daftari lake la kwanza. Tume itapita kukagua.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi magari manne yalisimama nyuma ya posta, mbele ya kijiofisi ambacho hakuna waziri aliyewahi kukanyaga akiwa hai.

*

Katika ofisi hiyo alikaa Bendera Mihayo, Msajili wa Vizazi na Vifo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na miezi mitatu tu ilibaki astaafu. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameandika waliokuja na walioondoka, na hakuwahi kuandika jambo ambalo halikusemwa na shahidi mbele yake. Mbunge mmoja aliyewahi kuomba cheti cha kifo chake aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa alikuja kukichukua mwenyewe.

Dakta Mabumba aliketi bila kukaribishwa. Wapambe wake wanne walisimama ukutani.

"Nimekuja kuandikisha kizazi," akasema.

"Hongera, Mheshimiwa. Wa kike au wa kiume?"

"Nchi."

Bendera alikwisha kuvuta fomu. Mkono wake ulizoea. Aliuliza jina la mtoto, akatajiwa. Aliuliza tarehe ya kuzaliwa.

"Miaka elfu tisa na mia tano iliyopita," akasema Waziri. "Asubuhi."

"Mahali?"

"Hapahapa."

"Jina la mama?"

Waziri aliwageukia wapambe. Mmoja alisema aandikwe Ardhi. Wa pili akasema Historia. Wa tatu alisema wasiharakishe kutaja mama kabla ya kujua ukoo wake. Bendera aliacha nafasi hiyo wazi, akaweka kalamu chini.

"Mheshimiwa, kizazi kikipita siku tisini bila kuandikishwa kinaitwa kizazi kilichochelewa. Kifungu cha kumi na saba kinataka shahidi. Awe alikuwapo, na awe mkubwa kiumri kuliko anayeandikishwa."

"Mkubwa kuliko nchi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kuliko nchi kongwe kuliko zote duniani?"

"Kifungu kinasema hivyo."

Mpambe wa nne alianza kucheka, akakumbuka alipo, akakohoa. Waziri alisema Bunge litakaa Jumatano saa nne na kufikia saa nne na dakika kumi kifungu kitakuwa kimebadilika. Bendera alimkumbusha kwa adabu kwamba barua ya Shirika inasema sheria kama zilivyo leo, na kwamba nakala ya sheria hizo wanayo.

Basi Waziri akaomba aletewe daftari la kwanza alione. Bendera alilitoa kabatini, akalifunua kwa mikono miwili. Daftari la Vizazi Namba Moja, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Waziri alisoma akifuata kwa kidole.

*Bendera Mihayo, mvulana. Amezaliwa Uwanja wa Taifa, saa sita mchana. Maoni ya msajili: amezaliwa bendera ikipanda. Nchi na mtoto huyu wana umri mmoja.*

Kidole kilisimama.

"Huyu Bendera Mihayo yuko wapi?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Nani mwingine amesoma mstari huu?"

"Wasajili walionitangulia. Wote ni marehemu. Nimewaandika mwenyewe."

"Vizuri," akasema Waziri, na kwa namna alivyolisema neno hilo, Bendera alihisi shati lake limemganda mgongoni.

Mpambe mmoja alipendekeza ukurasa uchanwe. Waziri akamwambia asiwe mjinga. Kurasa zimepigwa namba, na jirani atakuwa ameshawanong'oneza Tume idadi yake. Akainuka, akatembea mpaka dirishani na kurudi, na aliporudi uso wake ulikuwa umeng'aa kama wa mtu aliyepata mvua kweli.

"Daftari halisemi uongo," akasema. "Nchi na mtoto wana umri mmoja. Nchi ina miaka elfu tisa na mia tano. Kwa hiyo na wewe unayo."

"Mimi ninastaafu Machi, Mheshimiwa."

"Umechelewa kustaafu. Mama yako yu hai?"

Bendera alitamani kusema hapana. Lakini angetakiwa kuonyesha cheti.

"Yu hai."

"Ni mkubwa kuliko wewe?"

"Ni mama yangu."

"Basi shahidi tumempata," akasema Dakta Mabumba. "Ijumaa saa tatu, Ukumbi wa Taifa, mbele ya Tume na mbele ya Mtukufu Rais. Itarushwa redioni. Mwambie mama yako ajiandae kuwa Mama wa Taifa. Na kwa ajili ya usalama wake, tumekwisha kumpelekea vijana wawili."

*

Bi Nyamizi alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali maisha yake yote, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa soda ya kufulia na maji ya moto. Bendera alimkuta kibarazani akichambua maharage. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Hao wageni wako wamefika tangu saa nne," akasema mama. "Nimewapelekea chai."

Bendera alikaa kwenye kigoda, akamweleza yote. Mama alisikiliza huku akitupa vijiwe.

"Wanataka niseme nina miaka mingapi?"

"Elfu tisa, mia tano na ishirini na miwili."

"Kwa hiyo wewe nilikuzaa nikiwa na miaka ishirini na miwili."

"Hapo hawajapabadilisha."

"Afadhali," akasema mama.

"Mama, si jambo la mchezo. Ukikataa ni jela miaka ishirini."

"Sitaimaliza."

"Mama, nakuomba. Wewe jibu ndiyo. Watakuuliza kama ulikuwapo, useme ndiyo. Watakuuliza umri, useme ule waliokwambia. Tutarudi nyumbani, tutakula, mimi nitastaafu, yataisha."

Alijisikia akisema maneno hayo na kushangaa sauti ilikotoka. Yeye, ambaye alikataa kumwandikia jirani yake mapacha kwa kuwa alimwona mtoto mmoja tu. Mama aliacha kuchambua.

"Umewahi kuniuliza siku ile ilikuwaje?"

"Uliniambia nilizaliwa uwanjani."

"Nilikwambia ulikozaliwa. Sikukwambia kilichonipeleka kule na tumbo la miezi tisa."

Bendera alisubiri. Kuhusu baba yake alijua sentensi moja tu, kwamba alifariki kabla yeye hajazaliwa, na tangu utotoni alifundishwa na ukimya wa mama kwamba sentensi hiyo haina mwenzake. Mama alifungua mdomo. Wakati huohuo mmoja wa wale vijana alivuka barabara kurudisha vikombe. Aliviweka chini, lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni, akitabasamu, kama mtu anayesubiri wenyeji wamalize walichokuwa wanasema.

Mama alirudi kwenye maharage.

"Ijumaa nivae gauni gani?" akauliza.

*

Jumanne na Jumatano walikuja walimu wa Wizara kumfundisha Bi Nyamizi majibu. Waliripoti kwamba mwanafunzi ni msikivu sana, haulizi maswali. Jambo hilo liliifurahisha Wizara. Bendera lilimnyima usingizi.

Alhamisi Dakta Mabumba alikuja ofisini na chupa ya wino uliokorogwa ufanane na wa zamani. Alitaka mstari wa kwanza wa Daftari Namba Moja urekebishwe palepale.

Bendera alifungua daftari. Akaitazama ile nafasi ya mwaka, nafasi finyu ya tarakimu nne. Waziri alisimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba msajili alisikia harufu ya pipi ya mnanaa.

"Shahidi wa marekebisho ni nani, Mheshimiwa?"

"Mama yako. Kesho."

"Basi nitaandika kesho, nikishamsikia. Marekebisho bila shahidi Tume watayakataa."

Mpambe mmoja alitoa leso akajipangusa shingo, ingawa feni ilikuwa inazunguka.

"Bwana Bendera," akasema Waziri taratibu, "unacheza na shingo yako au unaisaidia nchi?"

"Nafuata kifungu, Mheshimiwa."

Waziri alifikiri. Kisha wazo la kuandika hadharani, mbele ya Tume na kamera, likaanza kumpendeza. Akasema iwe hivyo. Akiwa mlangoni aligeuka.

"Vijana watamleta mama yako. Wewe utakuja na gari jingine."

*

Ukumbi wa Taifa ulijaa tangu saa mbili. Mtukufu Rais alikaa mbele, kwenye kiti kilichoinuliwa kidogo kuliko jana yake. Tume ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa bibi mwembamba aliyejifunga shali shingoni licha ya joto lote lile, akizungumza kupitia mkalimani. Redioni, fundi wa mitambo alikuwa ameagizwa kwamba likitamkwa neno baya, aweke muziki mara moja.

Dakta Mabumba alihutubia saa nzima. Alisema nchi hii haikuzaliwa duniani, bali dunia ndiyo iliyozaliwa karibu nayo. Alisema mito ya nchi hii ilikuwa ikitiririka kabla ya maji kugunduliwa. Alipofika kwenye historia ya moto, mwenyekiti wa Tume alinyanyua kidole, akauliza kama wanaweza kumsikia shahidi.

Bi Nyamizi aliletwa na kijana wa gari jeupe. Alikuwa amevaa gauni la buluu na khanga mbili. Bendera alikuwa kwenye meza ndogo kando, daftari limefunuliwa, kalamu mkononi. Mama alimpitia bila kumtazama.

"Bibi," akauliza mwenyekiti, "siku nchi hii ilipozaliwa, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

Ukumbi ulishusha pumzi. Dakta Mabumba alitikisa kichwa kama mwalimu.

"Una umri gani?"

Bendera aliona yule kijana akisogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Kuhesabu wanajua waliosoma," akasema mama. "Mimi najua nililoliona. Naweza kulisema?"

"Liseme."

"Mume wangu aliitwa Mihayo. Alikuwa kuli kwenye ghala la reli. Mwaka ule walikataa kupakia mizigo, wakasema hawapakii tena mpaka nchi irudishwe kwa wenyewe. Jumanne asubuhi nilimpelekea uji, kwa sababu walikuwa wamelala palepale ghalani. Nikafika getini. Askari walikuwa wamepanga mstari. Nikasikia mtu anahesabu, moja, mbili, tatu, kama anayefundisha watoto. Kisha wakapiga. Walianguka kumi na mmoja. Niliwaona wote, nilikuwa na sufuria ya uji kichwani. Maiti hatukupewa. Tulipewa nguo."

Mkalimani alikuwa ameshusha sauti mpaka karibu kunong'ona.

"Siku nane baadaye wakasema serikali imekubali, bendera itapanda. Ilikuwa ipande usiku, mashine ya umeme ikagoma, wakasogeza mpaka saa sita mchana. Watu waliniambia nisiende na tumbo lile. Nilikwenda. Nilitaka kukiona hicho kitu alichokifia. Nikakiona. Kilikuwa kitambaa. Kilikwama katikati ya mlingoti, askari akavuta kamba, na uchungu ukanishika hapohapo. Manesi wote walikuwa kwenye gwaride. Nikajifungua juu ya koti la polisi. Huyo hapo, mwenye kalamu."

Kwa mara ya kwanza alimtazama mwanawe.

"Kwa hiyo mkiniuliza kama nilikuwapo, nilikuwapo. Jana yake nchi haikuwepo, siku hiyo ikawepo. Mkisema ilikuwepo miaka yote hiyo, basi Mihayo alikwenda kudai kitu kilichokuwa chake tayari. Basi alikuwa mpumbavu. Na mimi nilikaa naye, najua. Hakuwa mpumbavu."

Dakta Mabumba alisimama, rangi imempotea.

"Tume itusamehe," akasema. "Shahidi amechoka. Uzee wa miaka elfu tisa ni mzigo mkubwa."

Mwenyekiti alimgeukia msajili. "Kwa sheria zenu, nani anaamua kinachoandikwa?"

Bendera alisimama. "Shahidi aliyekuwapo, na mkubwa kiumri kuliko anayeandikishwa."

"Basi andika."

Aliketi. Mbele yake alimwona Mtukufu Rais, mikono juu ya magoti, akimtazama bila kupepesa. Kulia alimwona Waziri akifanya ishara ndogo ya kidole, tarakimu tisa hewani. Mlangoni wale vijana sasa walikuwa wanne. Aliwaza miezi mitatu. Aliwaza mama yake katika seli yenye sakafu ya saruji. Kisha akawaza sufuria ya uji, na akashangaa kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na uji.

Akaivuta ile fomu ya Jumatatu. "Shahidi, itaje tarehe."

Mama aliitaja, siku, mwezi na mwaka. Akaiandika kwenye fomu ya nchi kama alivyotajiwa, na mstari wa kwanza wa daftari hakuugusa. Akasimama kusoma alichoandika, kwa sauti, kama sheria inavyotaka, mpaka kwenye umri. Miaka hamsini na tisa.

Fundi wa redio alingoja neno baya mpaka mwisho. Hakulisikia. Nchi nzima ilisikia yote.

*

Tume ilijitenga kwa dakika arobaini. Bendera na mama yake walifungiwa chumba cha pembeni. Dirishani, chini, gari jeupe lilikuwa limewashwa na mlango wa nyuma uko wazi.

"Umeandika vizuri?" akauliza mama.

"Nimeandika ulivyosema."

"Nimeona mkono ulitetemeka."

"Itasomeka."

Walikaa. Kalamu alikuwa bado ameishika, na wino ulikuwa umemchafua kiganja.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Bi Nyamizi alijifunika khanga vizuri. "Kila siku ulikwenda kazini kuandika wafu wa watu. Nilisema, siku moja ataniuliza wa kwake. Hukuuliza. Na mimi nilizoea kunyamaza, ikawa kama kazi."

Bendera alimshika mkono, ule uliopinda, na wakakaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa.

Mwenyekiti wa Tume alisoma uamuzi akiwa amesimama. Nchi thelathini na nane zilidai ukongwe. Thelathini na saba zilikuwa zimekwisha kukaguliwa. Moja ilileta cheti kilichosainiwa na mlima. Nyingine ilileta shahidi aliyekiri kuwa alizaliwa baada ya daftari. Cheti cha nchi jirani kilimchafua mkaguzi vidole kwa sababu wino wake haukuwa umekauka. Kwa Kanuni ya Nne, nchi isiyo na cheti halali haihesabiwi kuwa imezaliwa. Iliyobaki na cheti halali, chenye shahidi aliyekuwapo, ni moja tu.

"Kwa mujibu wa nyaraka," akamalizia, "nchi kongwe kuliko zote duniani ni hii. Ina miaka hamsini na tisa."

Ukumbi haukujua ufanyeje. Watu walimtazama Mtukufu Rais. Mtukufu Rais alimtazama Dakta Mabumba. Dakta Mabumba, kwa kuwa hakuwa na wa kumtazama, alianza kupiga makofi peke yake, taratibu, kama mtu anayepima kina cha mto kwa mguu. Rais alifikiri. Kisha akasimama, akapiga makofi naye, na paa karibu ling'oke. Kule chini mtu alizima injini ya gari jeupe.

*

Jumamosi serikali ilitangaza ushindi. Ilikuwa ruhusa kwa kila raia kusema kwamba nchi yake ni kongwe kuliko zote duniani. Haikuwa ruhusa kusema ina miaka mingapi. Dakta Mabumba alipewa nishani ya Mkunga wa Taifa. Jirani aliondoa balozi wake, na balozi akaondoka bila kuaga mtu. Seremala wa sokoni aliachiwa, akiwa amekonda, na hakuzungumzia tena bei ya mbao.

Bendera naye alipata barua. Ilimshukuru kwa utumishi wake na kumjulisha kwamba anastaafishwa kwa manufaa ya umma kuanzia Ijumaa ijayo. Daftari Namba Moja lingebaki kabatini, kwa kuwa Tume ilikuwa imepiga picha kila ukurasa.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida, akijisemea kwamba siku nne zinatosha kupanga makabati. Alipokata kona ya posta alisimama.

Kulikuwa na foleni. Ilianzia mlangoni, ikapita ukuta, ikapotelea nyuma ya jengo. Wengi walikuwa watu wazima wenye mikongojo, wengine wamekuja na watoto wao. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Bwana mmoja alishika mfuko wa nailoni, na ndani yake mlionekana shati la kaki lililokunjwa vizuri, lenye tundu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na gari jeupe, vioo vimepandishwa.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama yake, kwa gauni lilelile la buluu.

Bendera alifungua mlango, akaketi, akavuta fomu ya vifo vilivyochelewa kuandikishwa. Simu ya mezani ikaanza kulia. Aliitazama. Akaiacha ilie mpaka ikachoka, na ilipoanza tena akaichomoa waya.

"Jina la marehemu?"

"Mihayo Kapaya."

"Kazi yake?"

"Kuli, ghala la reli."

"Umri?"

"Ishirini na sita."

Aliandika. Hapo kalamu ilisimama kidogo, kwa kuwa hakuwahi kuwaza kwamba baba yake alikuwa kijana, mdogo kuliko watoto ambao yeye Bendera anao sasa.

"Sababu ya kifo?"

Bi Nyamizi aliitazama ile nafasi kwenye fomu, jinsi ilivyo ndogo.

"Andika risasi," akasema.

Akaandika risasi. Akaandika mahali na siku. Penye uhusiano wa mtoa taarifa na marehemu aliandika mke, na penye shahidi aliyekuwapo aliandika jina hilohilo, maana kifungu hakikatazi. Akamsomea yote kwa sauti. Mama aliweka dole gumba. Bendera akagonga muhuri, akakata cheti, akampa, na mama akakitazama kwa muda mrefu ingawa hakujua kusoma.

Kisha hakuondoka. Alikikunja cheti, akakitia kifuani, akavuta kiti akakiweka kando ya meza ya msajili, akakaa akielekea mlangoni.

"Njoo, baba," akamwambia yule mwenye mfuko wa nailoni. "Nilikuwa getini. Wa kwako nilimwona."